Maneno Yaliyopitia Kinondo

Mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya El Nino nilipata kazi Msambweni, katika mradi wa kupima maji ya visima vya pwani. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Mombasa, nikijua mambo ya redio kiasi na mambo ya kompyuta kidogo, na kwetu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyepanda ngazi na koleo mfukoni. Baba alikubali kwa kuwa ofisi ilikuwa karibu na nyumbani. Mama alikubali kwa kuwa mkubwa wa kazi alikuwa mwanamke.

Mkubwa huyo alikuwa mhandisi kutoka Kisumu, mwenye miwani minene na sauti ndogo. Tulimwita Madamu. Hakulipenda jina hilo, lakini hakutukataza. Chini yake tulikuwa wawili tu: mimi, na kijana wa Mackinnon Road, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Yeye ndiye aliyekuwa akijua kuchomea waya mpaka sehemu ya kuungia isionekane. Nitamwita mwenzangu, maana ndivyo nilivyomwita wakati ule, na sijapata neno jingine tangu hapo.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache. Hoteli na majumba ya Diani yalikuwa yakivuta maji kwa pampu kutoka chini ya ardhi, na kila yalipovutwa kupita kiasi, bahari iliingia chini kwa chini kujaza nafasi. Visima vya wenyeji vikawa vinaanza kuonja chumvi. Mradi ukaweka kisanduku kando ya kila kisima kilichochaguliwa, na ndani ya maji tukateremsha kijiti cha chuma cha kuonja chumvi na kupima kina. Kisanduku kilikuwa na redio ndogo, betri, na kipande cha sola juu ya mti. Redio hizo hazikuwa na nguvu ya kufika mbali, kwa hivyo kila moja ilimpa jirani yake ujumbe: Diani ikaiambia Galu, Galu ikaiambia Kinondo, Kinondo ikaiambia Gazi, na Gazi ikatuletea sisi Msambweni, kwenye kompyuta iliyokuwa imefunikwa leso ya mama yangu kwa ajili ya vumbi.

Kila ujumbe ulibeba nambari ya siri, ili redio za watu wengine zisije zikatuchanganyia habari. Nambari ilikuwa moja kwa visanduku vyote. Jambo hilo halikumsumbua yeyote. Kumbukumbu ya visanduku ilikuwa ndogo mno, na nani angehangaika kuiba habari za chumvi?

Tulivitundika visanduku hivyo pamoja, mwenzangu na mimi, kisima kwa kisima. Mmoja alipanda juu kuelekeza antena, mwingine akabaki kwenye kisima cha pili na redio ya mkononi.

"Gazi, unanicheki?" angeuliza.

"Nakusikia."

"Kisanduku iko sawa."

"Kiko sawa."

"Si ndio nimesema."

"Umesema iko. Kisanduku kiko. Visanduku viko."

Angecheka hewani, na kicheko chake kingekuja kimekatikakatika kwa upepo wa mikandaa ya Gazi. Baadaye akawa anakosea makusudi. Antena iko, waya kiko, betri viko, mpaka nikamwonya kwamba Madamu atausikia mchezo huu na kutufukuza sote wawili. Madamu alikuwa ameusikia kitambo. Aliniambia siku moja, bila kuinua macho kwenye karatasi zake, kwamba katika maisha yake hajawahi kuona antena nne zinazochukua muda mrefu hivyo kuelekezwa.

Hatukuambiana neno. Yeye alikwenda kanisani Ukunda kila Jumapili, nami nilikuwa binti wa mtu aliyeadhini msikitini kwetu. Kila mmoja alijua mlango wa mwenzake umefungwa vipi. Lakini adhuhuri tulikula pamoja, muhogo wa nazi ambao mama alinifungia, naye alisimulia habari za kwao, malori yaliyosimama usiku na mchana, vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye chai. Mimi nilikuwa sijafika huko. Nilimsikiliza kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine.

Baada ya mwaka mmoja na kitu aliniambia anaondoka. Palikuwa na majumba ya kifahari yanayojengwa karibu na Galu, na wenyewe walitaka mtu wa kusimamia pampu na jenereta. Wangempa nyumba ndani ya uwanja huohuo.

"Nyumba," nilisema.

"Vyumba viwili na choo ndani."

"Utafanya nini na vyumba viwili?"

Aliinama kukusanya vifaa vyake. Nilijua nimeuliza swali ambalo jibu lake hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kulitoa. Jumatatu iliyofuata hakuja, na redio yake ya mkononi ikawa inakaa mezani, imelazwa juu ya chaja yake, taa yake ikiwaka kijani kibichi.

Nikaendelea peke yangu. Nilishangaa jinsi kazi ileile ilivyokuwa ndefu. Nikifika Gazi nilipanda, nikaelekeza, nikashuka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kila kitu kiko sawa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Madamu aliniita kwenye kompyuta. Alikuwa amepanga mistari ya visima vyote mmoja juu ya mwingine.

"Unaona nini?"

Niliona kile nilichokuwa nikikiona kila siku. Kisima kilicho karibu na bahari kinapumua. Maji ya bahari yakijaa, maji ya kisima hupanda kidogo, yakipwa, hushuka. Mstari wake huwa na mawimbi madogo, na wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko siku nyingine, mawimbi hayo huwa makubwa. Diani ilikuwa inapumua. Gazi ilikuwa inapumua. Mstari wa Galu ulikuwa umenyooka kama umepigwa pasi, na chumvi yake ilikuwa chini, chini kuliko tulivyowahi kuipima.

"Labda kijiti kimetoka kwenye maji," nilisema.

"Labda," alisema Madamu. "Twende."

Kisima cha Galu kilikuwa uani kwa mama mkubwa wangu, dada yake mama. Tulimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, mama," Madamu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Leo mmekumbuka njia?"

Nilivuta kijiti. Kilikuwa ndani ya maji, kizima, safi. Nikaunganisha kipimo cha mkononi kwenye kisanduku chenyewe, nikasoma kilichokuwa kikisema pale pale. Kilikuwa kinasema chumvi, chumvi nyingi. Madamu akateka maji kwa ndoo, akachovya kidole, akaonja, akatema upande.

"Mama, maji haya yamekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Sasa natuma wajukuu wakateke Kinondo." Mama mkubwa akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Mbona mwashangaa? Nilidhani mnajua. Si hicho chombo chenu huwaambia kila siku?"

Chombo kilikuwa kikituambia. Hilo ndilo lililonitisha. Kisanduku cha Galu kilikuwa kikisema kweli kila saa, na kweli hiyo ilitoka pale uani ikiwa nzima. Mahali fulani kati ya Galu na Msambweni ilikuwa ikigeuka kuwa uongo, na uongo huo ulifika ukiwa na nambari yetu ya siri, halali kabisa.

Baada ya Galu ni Kinondo.

Kisanduku cha Kinondo kilikuwa ndani ya shamba la minazi ambalo mwenyewe alihamia Mombasa. Kufuli ilikuwa imefungwa. Hakuna kilichovunjwa. Nilifungua kifuniko, na kwa mtazamo wa kwanza kila kitu kilikuwa mahali pake. Kisha nikaona chembe ya kompyuta, ile ndogo inayobeba programu, haikuwa ile niliyoiweka mimi. Mtu alikuwa ameing'oa yetu na kupachika ya kwake. Hiyo mpya ilikuwa ikipokea maneno ya Galu, ikiyabadilisha, na kuyapeleka mbele kwa jina la Galu. Yaliyotoka Diani iliyaacha yapite yalivyo.

Na waya wa betri ulikuwa umefungwa upya kwa utepe mweusi. Ncha ya utepe ilikuwa imekunjwa ndani kidogo, ili mtu atakayekuja baadaye aipate kwa urahisi na kuubandua bila kisu. Katika watu wote niliopata kufanya nao kazi, mmoja tu alifunga utepe hivyo. Alikuwa akisema fundi mwema humfikiria fundi atakayemfuata.

Madamu alikuwa nyuma yangu. "Nani anaweza kufanya kazi safi namna hii?" aliuliza.

Nilishindwa kugeuka. Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho, Madamu. Kesho nitakujibu."

Nadhani alishajua. "Funga kama ulivyokikuta," alisema. "Tusikiguse kwanza. Kikijua tumekijua, kitabadili uongo wake."

Siku ya pili niliteremka Galu, nikaenda moja kwa moja kwenye yale majumba. Askari wa lango alimwita. Alitoka akijifuta grisi mikononi, na aliponiona aliacha kujifuta. Alikuwa amenenepa kidogo. Moyo wangu, naomba nisamehewe, ulifurahi kabla haujakumbuka kwa nini tumekuja.

Tulikaa nje ya ukuta, kwenye kivuli cha mivinje.

"Umekuja kwa ajili ya Kinondo," alisema.

"Ndiyo."

"Walisema ni kwa muda. Ofisi ya maji ilikuwa inangojea kuona kisima cha Galu kitakuwaje kabla ya kuwaruhusu kuvuta zaidi. Wakasema kibali kikitoka watawachimbia watu wa Galu kisima kingine, cha ndani zaidi."

"Ukawaamini?"

"Nilitaka kuwaamini."

"Mama mkubwa anakunywa maji ya Kinondo. Wajukuu wanayabeba kichwani. Wewe umekula kwake, umelala barazani kwake siku ya mvua."

Ndani ya ukuta pampu ilikuwa ikinguruma bila kupumzika.

"Ule utepe," nikasema. "Ungeweza kuukata kama wanavyoukata watu wengine."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuukata?"

Alichukua sindano ya mvinje iliyoanguka, akaivunja vipande vidogo vidogo. Kuna jibu nililotaka kulisikia, na mpaka leo sijui kama alikuwa nalo.

"Utamwambia Madamu?"

"Nimekuja kukuambia wewe kwanza, kwamba nitamwambia."

"Mwambie," alisema. "Mwambie kila kitu. Mwambie na nambari ile moja kwa visanduku vyote ni makosa. Nilipofungua kimoja tu nilikuwa nimevifungua vyote."

Nilirudi Msambweni nikamwambia Madamu jina lake. Hakumtukana, wala hakunitaka nieleze zaidi. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Haya. Tufanye kazi."

Kwa majuma kadhaa tulikaa kwenye chumba kile cha joto tukiandika programu upya. Kila kisanduku, isipokuwa kile cha Kinondo tulichokiacha kwanza, tulikipa nambari yake peke yake, ambayo hata jirani yake hakuijua. Kompyuta yetu tu ndiyo iliyozijua zote. Kisanduku kikitaka kusema, kilichanganya habari yake na nambari hiyo, kikatoa alama fupi, mithili ya muhuri, na kuibandika mwishoni. Anayeupitisha ujumbe angeweza kuubeba, lakini akibadilisha hata tarakimu moja, muhuri haukubaliani tena na maneno, na sisi tunaona. Tukaongeza hesabu inayopanda kila ujumbe, ili mtu asije akahifadhi maneno matamu ya jana akatuletea leo. Kuviingiza vyote hivyo kwenye kumbukumbu ndogo namna ile kulikuwa kama kupakia vyombo vya harusi kwenye mkoba wa shule. Mara nyingi nilinyoosha mkono kuichukua redio ya mkononi, nimwulize yeye, kabla ya kukumbuka.

Siku ambayo muhuri ulifanya kazi kwa mara ya kwanza nilirukaruka. Madamu alitabasamu, halafu akaniuliza, "Na kama mtu akikishika kisanduku cha Galu chenyewe? Akakitia kijiti kwenye ndoo ya maji matamu?"

Nilifikiri. "Muhuri utakuwa sawa."

"Utakuwa sawa. Muhuri hutuambia nani amesema. Hautuambii kama amesema kweli."

Kwa hivyo tukaweka na jirani wa kushuhudia. Visima vinavyokaa karibu hupumua pamoja. Kimoja kikitulia wakati wenzake wanapanda na kushuka, kompyuta ingetuonya, nasi tungekwenda kukitazama kwa macho. Na Gazi tukaiinulia antena juu ya mnazi mrefu kuliko yote, mpaka ikawa inaisikia Galu yenyewe, kwa shida, bila kupitia Kinondo. Njia mbili kwa kila neno. Madamu alisema hatuwezi kuzuia kisanduku kisitekwe, porini hakuna mlinzi, lakini tunaweza kuhakikisha kikitekwa kinapotea peke yake, hakiondoki na wenzake.

Kwa siku kadhaa tukazisikiliza njia zote mbili, ile ya kweli na ile ya Kinondo, ambayo tulikuwa bado hatujaigusa. Galu moja, habari mbili. Madamu alizipeleka ofisi ya maji zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu, na mimi nilikuwapo walipozitazama. Hakuna aliyebisha. Ruhusa ya kuongeza maji haikutolewa, na pampu zilizokuwapo ziliamriwa zipunguzwe. Wenye majumba wakasema hawajui lolote, ni mfanyakazi wao mmoja aliyejiamulia mambo, na mfanyakazi huyo wamekwisha kumfukuza.

Nilisikia habari hiyo nikiwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Niliiweka chini.

Kabla ya kuondoka Galu mwenzangu alipita kwa mama mkubwa. Mimi nilikuwa Msambweni. Mama mkubwa alinisimulia baadaye kwamba alipiga hodi akabaki amesimama nje ya uzio hata alipokaribishwa, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyewaficha habari ya maji yako." Mama mkubwa alimtazama, akamwambia aingie kwanza anywe chai, maneno hayasemwi mtu akiwa juani. Alikunywa. Chai yenyewe ilikuwa ya maji ya Kinondo.

"Ukamwambia nini?" niliuliza.

"Nimwambie nini? Alikuwa akilia. Nilimwambia Mungu ndiye mwenye kusamehe, na mimi nimemsamehe yangu." Akaendelea kusuka. "Alikuuliza wewe. Nikamwambia uko kazini."

Kisima cha Galu hakikurudi mara moja. Chumvi ikishaingia hutoka kwa taratibu zake. Masika ya kwanza ilipungua kidogo, vuli ikapungua tena, na masika ya pili mama mkubwa alinitumia habari kwamba ameyapikia wali na wali umeiva vizuri. Nilikuwa nimeliona hilo kwenye mstari kabla yake, unavyoshuka huku ukipumua, na muhuri wake uko sawa kila saa. Nilitaka mno kumwambia mtu ambaye angeelewa uzuri wa jambo hilo kwa pande zote, uzuri wa maji na uzuri wa ule muhuri mdogo. Madamu alikuwa ameshahamishiwa mradi mwingine bara. Nilikaa na furaha yangu mbele ya kompyuta kama mtu aliyeandaa meza ya watu wawili.

Mwishoni mwa mwaka ule nilipanda basi la Nairobi kutoka Mombasa, nikamwambia utingo anishushe Mackinnon Road. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kwa rafiki wa chuo. Malori yalikuwa yamejipanga kandokando ya barabara kama alivyonisimulia, na vumbi lilikuwa jekundu kuliko nilivyolichora akilini. Niliuliza nyumba ya yule mzee wa reli, nikaonyeshwa.

Baba yake alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye macho yaleyale ya mwenzangu. Nilimwamkia shikamoo, akanivutia kiti. Alisema kijana alikuja, akakaa wiki chache bila kusema mengi, kisha akaondoka na dereva mmoja wa lori kuelekea mpaka wa Uganda. Huko inasemekana anatengeneza redio za malori. Anwani hana. Hupata salamu zake kwa midomo ya madereva, na salamu hukawia.

Nilikunywa maji aliyonipa, nikamwuliza kama angeweza kumfikishia maneno machache. Akasema ataweza, dereva mmoja hupita pale mara kwa mara.

"Nimwambie yametoka kwa nani? Wewe ni nani wake?"

Nje lori lilikuwa likipiga honi, na mkewe alikuwa ametoka jikoni akijifuta mikono, amesimama kusikia jibu. Nilikuwa nimekuja safari yote ile bila kulitayarisha.

"Tulifanya kazi pamoja," nilisema.